Sauti Chini, Muziki Mzima

Ukipunguza redio usiku kwa sababu watoto wamelala, au kwa sababu chumba chako na cha jirani vimegawanywa na tofali moja tu, wimbo ule ule uliokuchangamsha mchana hugeuka mwembamba. Gitaa la besi linapotea, tumba zinabaki kugongagonga kwa mbali, na mwimbaji anasikika kana kwamba bendi imemwacha jukwaani peke yake. Wengi wakifika hapo husema mashine yao haifai, wakaanza kudunduliza fedha za amplifaya yenye wati nyingi zaidi. Fedha hizo zisubiri. Sauti ya chini huharibikia kwanza sikioni na chumbani, na sehemu hizo mbili zinatengenezeka kwa vitufe ambavyo tayari unavyo na kwa kuhamisha kiti. Mashine nayo ina lawama zake, ila si zile zinazotajwa dukani.

Tuanze na sikio, maana hapo ndipo penye ushahidi mwingi. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson, watafiti wa maabara za Bell nchini Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio lenye swali rahisi: sauti nzito na sauti ya kati zikipigwa kwa nguvu moja, je, msikilizaji atazisikia ziko sawa? Hazikuwa sawa, na kadiri zote mbili zilivyoshushwa ndivyo ile nzito ilivyozidi kuachwa nyuma. Vipimo hivyo vimerudiwa na kusahihishwa tangu hapo, na leo vimo katika kiwango cha kimataifa kiitwacho ISO 226. Chukua sauti ya kati, ya hezi 1,000, ikiwa na desibeli 80. Hicho ni kiwango cha mtu anayejifurahisha huku jirani yuko kazini. Ili besi ya hezi 50 isikike sawa nayo inahitaji karibu desibeli 102, yaani 22 zaidi. Sasa shusha ile ya kati hadi desibeli 40, chini sana ya mazungumzo ya kawaida. Besi itahitaji desibeli 78 ili kulingana nayo, yaani 38 zaidi. Kitufe cha sauti hakina habari na mambo haya. Kinashusha kila kitu kwa desibeli 40 zile zile, na besi inabaki na upungufu wa desibeli 16. Uzi mzito kuliko wote wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, hutoa hezi 41. Kwa hiyo katika rumba au dansi, ambamo besi ndiyo inayotembeza wimbo na magitaa mengine yanaifuata, kilichoondoka ni miguu yenyewe.

Kutokana na vipimo hivyohivyo tunapata kanuni ya kutumia nyumbani. Kwa kila desibeli 10 unazopunguza kutoka kiwango chako cha mchana, irudishie besi kama desibeli 3 au 4. Ukishuka kwa desibeli 20, ambazo ndizo tofauti ya kawaida kati ya Jumamosi alasiri na saa nne usiku, besi ya hezi 50 inadai 8 na ile ya hezi 100 inadai 6. Trebo haidai mengi, kwa sababu sikio huipoteza kwa kiasi kidogo tu. Mbili zinatosha, na mara nyingi hata hizo si lazima. Sauti za kati, ambazo ndizo za mwimbaji na gitaa la solo, ziache kama zilivyo. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea wakiwa na ekwalaiza ya simu. Huinua kila mstari mpaka juu, halafu wanashangaa kwamba hakuna kilichobadilika isipokuwa kelele.

Vifaa vya kufanyia kazi hii viko vya aina nyingi. Amplifaya na redio nyingi za zamani zina kitufe kilichoandikwa "loudness", kilichobuniwa kwa shida hii hasa. Kinainua besi, na pengine trebo kidogo, sauti inapokuwa chini. Udhaifu wake ni kwamba kinakisia. Hakijui spika zako zina nguvu gani, hakijui umekaa umbali gani, wala hakijui kama wimbo wenyewe umerekodiwa kwa sauti ya juu au ya chini. Kwa hiyo kibonyeze, sikiliza nyimbo mbili tatu, na kama besi inavuma kama pipa tupu, kizime bila kujilaumu. Baadhi ya amplifaya za Yamaha zimelitatua jambo hili kwa akili zaidi. Zina kitufe cha kuzungusha ambapo kwanza unaiweka sauti kuu pale unapopenda ukisikiliza kwa nguvu, halafu unashusha kwa hicho cha pili, nacho kinapunguza sauti za kati zaidi kuliko zile za pembeni. Kama una amplifaya ya namna hiyo na hujawahi kukigusa, umelipia dawa ukaiacha kabatini.

Wasio na kitufe hicho wana vitufe vya besi na trebo, na hivyo vinatosha kabisa. Saketi inayotumika katika vingi vyao inatokana na kazi ya Mwingereza Peter Baxandall, aliyoichapisha mwaka 1952, na kwa kawaida kitufe cha besi kikifunguliwa hadi mwisho huongeza karibu desibeli 10 kwenye hezi 100. Maana yake, robo tatu ya njia ni kiasi cha kuridhisha kwa usikilizaji wa usiku. Namna ya kukipata kiwango chako ni hii. Chagua wimbo mmoja unaoujua vizuri, wenye besi inayotembea, usiwe ule wa besi inayovuma tu. Upige mchana kwa sauti unayoipenda, vitufe vyote vikiwa katikati, na uifuate njia ya besi tangu mwanzo hadi mwisho. Usiku upige wimbo huohuo kwa sauti ya chini, uinue besi polepole mpaka uweze kuifuata njia ileile tena bila kukaza masikio. Simama hapo. Usitafute mtetemo kifuani. Huo hautakuja kwa sauti ya chini, na anayeutafuta ataishia kumwamsha kila mtu.

Mwenye sabufa, kwa maana ya seti ile ya kasha moja kubwa na spika ndogo mbili au tatu, yuko katika hali nzuri kuliko anavyodhani. Seti hizo zina kitufe cha besi kilicho peke yake, na kazi yote iliyoelezwa hapo juu inafanyika kwa mkono mmoja. Kinachochekesha ni kwamba mitaani kitufe hicho hufunguliwa hadi mwisho wakati wa sherehe, saa ambayo sikio haliihitaji besi ya nyongeza, na hurudishwa chini usiku, saa ambayo linaihitaji. Fanya kinyume chake. Ila ujue pia mpaka wa spika ndogo. Kama huna kasha la besi, na spika zako ni zile za upana wa kiganja, haziwezi kutoa hezi 50 hata uziombe vipi. Kuinua masafa hayo kwenye ekwalaiza ni kuzichosha bure. Inua kati ya hezi 100 na 200 badala yake. Ubongo una uwezo wa kutambua noti nzito kutokana na sauti za juu zinazofuatana nayo, hata kama noti yenyewe haipo, na ndiyo maana besi ya wimbo unaoujua huisikia hata kwenye redio ndogo ya mbao.

Hapa patatokea mpinzani wa kwanza, yule anayeamini kwamba kugusa besi na trebo ni kuuharibu wimbo, na kwamba msanii na fundi wake wa studio walishaamua kila kitu. Hoja yake ina heshima yake. Tatizo ni kwamba fundi wa studio aliamua akiwa anasikiliza kwa sauti fulani, na kazi ya kuchanganya muziki kwa kawaida hufanywa kwa nguvu inayozidi sana ile ya sebuleni usiku. Uwiano wa besi na sauti ya mwimbaji aliouona ni sahihi ulikuwa sahihi kwa kiwango kile. Ukiupeleka wimbo wake chini kwa desibeli 25 bila kugusa kitu, umeshaubadilisha. Umempunguzia mpiga besi mshahara bila kumwambia fundi. Anayetaka kuuheshimu uamuzi wa studio, basi, ndiye anayepaswa kuinua besi anaposhusha sauti. Mpinzani huyu angekuwa na haki kama tungekuwa tunasikiliza kwa desibeli 80 huku tumefungua besi mpaka mwisho. Hapo nami ningekaa upande wake.

Mpinzani wa pili ana hoja nzito zaidi, kwa sababu anazungumzia jirani. Besi ndiyo inayopita ukutani. Ni kweli kabisa: ukuta huzuia sauti nyembamba vizuri kuliko nzito, na kwa makadirio, kila masafa yanaposhuka kwa nusu, ukuta uleule hupoteza desibeli 6 hivi za uwezo wake wa kuzuia. Katika nyumba nyingi zetu hali ni mbaya zaidi, maana ukuta wa chumba hauendi mpaka juu, na palipo na paa la bati bila siling bodi sauti inapanda na kushukia upande wa pili. Kwa nini basi nimshauri mtu ainue besi? Turudi kwenye hesabu. Kwa sauti ya mchana, besi ya hezi 50 ilikuwa kwenye desibeli 102. Kwa sauti ya chini kabisa, hata baada ya kuirudishia yote iliyoipoteza, iko kwenye desibeli 78. Bado imeshuka kwa 24. Jirani aliyevumilia mchana atasikia kidogo sana, au hatasikia kabisa, ilimradi umeinua besi kufidia kilichopotea, hukuzidisha. Kanuni za Kenya za mwaka 2009 za kudhibiti kelele zinaweka kikomo cha desibeli 35 usiku katika maeneo ya makazi, na kwa kiwango hicho muziki unaosikika mtaani tayari umevuka mpaka, uwe na besi au usiwe nayo. Simama nje ya mlango wako, kisha nje ya dirisha la jirani kama mnaelewana, usikilize mwenyewe. Kipimo cha simu hakikusaidii sana hapa, kwa sababu programu nyingi hupima kwa mizani inayoipunguza besi kwa makusudi.

Mahali pa kuweka kasha la besi panaamua mengi katika ugomvi huu. Kasha likibanwa kwenye kona, kuta mbili na sakafu huirudisha sauti na besi inaongezeka bila gharama yoyote. Kwa mwenye spika dhaifu hiyo ni zawadi, naye aipokee, lakini asichague kona ya ukuta anaopakana na jirani. Achague ya ukuta wa nje, au ule wa jikoni kwake. Kama umeme na waya vinaruhusu, kuna njia bora zaidi: lisogeze kasha karibu na kiti chako, hatua moja hivi, kisha upunguze kitufe chake. Wewe uliye karibu utasikia besi ileile, na walio mbali watasikia pungufu. Chini yake weka kipande cha godoro la sponji au mpira wa ndara kuukuu, hasa ukiwa ghorofani, ili mtikisiko usiingie moja kwa moja kwenye zege. Usilikalishe juu ya kabati la mbao lenye milango ya vioo. Kabati hilo lina nyimbo zake.

Baada ya sikio ni chumba, na adui wa chumbani ni kelele zinazoendelea bila wewe kuzitambua. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 1999 kwamba kelele za mfululizo katika chumba cha kulala zisizidi desibeli 30 ili mtu alale vizuri, na chumba cha namna hiyo ni kizuri kwa muziki pia. Feni la mezani likikimbia kwa kasi ya juu karibu nawe linaweza kufika 50 kwa urahisi. Tuseme unasikiliza kwa sauti ambayo vilele vyake ni desibeli 60, sawa na mtu anayezungumza nawe kwa umbali wa mita moja. Chumba chenye kelele za desibeli 45 kinakuachia ngazi 15 tu kati ya sehemu kubwa na sehemu ndogo za wimbo. Chochote kilicho chini ya hapo, mkwaruzo wa fidla, pumzi ya mwimbaji, mlio wa ganuni unaokufa taratibu, kimemezwa. Zima feni, kelele zishuke hadi 30, na umejipatia ngazi nyingine 15. Ili kuzipata ngazi hizo kwa nguvu ya umeme, amplifaya ya wati 50 ingebidi iwe ya karibu wati 1,600, na hapo mjumbe wa nyumba kumi angeshafika.

Najua kusema "zima feni" ni rahisi kwa mtu wa Arusha au Limuru. Kwa mtu wa Mombasa, Tanga au Dar es Salaam mwezi wa Februari ni adhabu. Basi tusitafute ukamilifu. Liweke kwenye kasi ya kwanza na lisogeze mbali na kichwa. Kaza skrubu za kizimba chake, kwani nusu ya kelele za feni kuukuu ni chuma kinachogongana, upepo hauna hatia. Friji likiwa sebuleni, kiti cha kusikilizia kiwe upande wa pili wa chumba. Madirisha ya vioo vya kupandana yanapitisha kelele za barabarani hata yakifungwa, hivyo funga lile linalotazama barabara na uache wazi linalotazama uani. Pazia zito halizuii kelele za nje kwa kiasi cha kutajwa, ingawa pamoja na zulia au mkeka mpana hutuliza mwangwi wa sakafu ya saruji, na hilo linasaidia kwa sauti ya aina yoyote. Mvua ikipiga bati, zima mashine. Hakuna mwongozo unaoishinda mvua ya bati.

Dawa kubwa kuliko zote za chumbani ni umbali, na haina gharama. Sauti inayokuja moja kwa moja kutoka kwenye spika huongezeka kwa desibeli 6 kila unapoukata umbali kwa nusu. Aliyekaa mita 3 akisogea hadi mita 1.5 anaweza kushusha mashine kwa kiasi hichohicho, akasikia vilevile, na kila mtu mwingine nyumbani akasikia pungufu. Zaidi ya hapo, uwiano kati ya sauti ya spika na mwangwi wa kuta unakuwa mzuri, na ndipo stereo inapoanza kuwa stereo: gitaa la ridhimu huku, tumba kule, mwimbaji katikati. Weka spika mbili na kichwa chako katika pembetatu yenye pande zilizolingana, mita moja na nusu kila upande, spika zikielekezwa kwako na zile ndogo za trebo zikiwa usawa wa masikio. Mafundi wa studio wamekuwa wakifanya kazi karibu na spika hivi kwa miongo mingi. Yamaha NS-10 iliyotoka mwaka 1978 ilitengenezwa kwa ajili ya nyumbani, ikaishia juu ya meza za studio duniani kote.

Utasema sebule yako haiwezi kupangwa hivyo, kwa kuwa sofa zimeegemea kuta kwa ajili ya wageni, runinga iko katikati, na spika ziko juu ya kabati karibu na dari ili watoto wasizifikie. Sawa, na sebule ibaki hivyo mchana. Usiku chukua kiti cha plastiki, kiweke mahali panapofaa, shusha spika mbili juu ya stuli mbili, na ukimaliza rudisha kila kitu. Asiyekubali usumbufu huo hata kwa saa moja hahitaji ushauri wa sauti. Anahitaji redio ya kumliwaza akiwa anafanya mambo mengine, na hilo nalo ni jambo la halali.

Sasa mashine. Spika ya kawaida ya nyumbani hutoa takriban desibeli 87 kwa umbali wa mita moja ikilishwa wati moja. Ukitaka wastani wa desibeli 65 kwa umbali huo, inakula wati 0.006. Kaa mita 3, na hata vilele vya ngoma vikihitaji mara thelathini ya wastani, bado hujafika wati 2. Namba kubwa iliyochapwa kwenye boksi haihusiani na maisha yako ya usiku. Kinachohusika ni ubora wa amplifaya katika hiyo wati ya kwanza, na hapo kasoro huwa tatu. Ya kwanza iko kwenye kitufe cha sauti chenyewe. Ndani yake kuna njia mbili, ya kulia na ya kushoto, na katika vitufe vya bei nafuu njia hizo hazilingani pale chini kabisa, hivyo upande mmoja hunyamaza kabla ya mwingine. Shida inazidi pale chanzo kinapokuwa na nguvu, kwa mfano deki ya CD inayotoa volti 2, kwa sababu unalazimika kukiacha kitufe mwanzoni mwa safari yake. Punguza sauti kwenye chanzo, iwe simu au kompyuta, ili kitufe cha amplifaya kifike saa tatu au saa nne kwenye uso wake. Hapo njia zote mbili zinakwenda pamoja, na mkono wako unapata nafasi ya kurekebisha kidogo kidogo.

Kasoro ya pili ni pale transista mbili zinapopokezana. Katika amplifaya nyingi moja husukuma nusu ya juu ya wimbi na nyingine nusu ya chini, na zisiporekebishwa vizuri huacha kovu dogo kila wimbi linapovuka katikati. Kovu hilo halipungui unapopunguza sauti. Wimbi linapungua, kovu linabaki na ukubwa wake, na matokeo yake ni ukwaruzo unaosikika kwa sauti ya chini tu na kupotea kwa sauti ya juu. Piga kinanda peke yake, au mtu anayeimba bila ala, kwa sauti ndogo sana, usogeze sikio kwenye spika. Ukisikia mchanga ndani ya sauti, fundi redio anayejua kazi yake anaweza kurekebisha mkondo wa transista hizo kwa gharama ndogo kuliko mashine mpya. Kasoro ya tatu ni mngurumo wa umeme wa hezi 50, ambao utaongezeka pamoja na besi unayoiinua. Mara nyingi hutokana na waya dhaifu wa kuunganishia au chaja ya simu iliyochomekwa pamoja na amplifaya. Chomoa chaja kwanza kabla ya kumwita mtu.

Si kila rekodi inataka matibabu haya. Bongo Fleva ya sasa imeshabanwa studioni hadi sehemu ndogo na kubwa zinakaribiana, kwa hiyo huvumilia sauti ya chini bila taabu, na besi yake ni nyingi tangu mwanzo. Ipe nusu ya kile unachowapa wengine. Rekodi za dansi za Radio Tanzania Dar es Salaam na taarabu ya vikundi vikubwa zina pumzi ndefu zaidi, nazo ndizo zinazofaidika mno na chumba kilichotulia. Siti binti Saad aliporekodi Bombay mwaka 1928, santuri za wakati ule hazikuweza kubeba besi nzito, hivyo ukiinua besi utavuta mngurumo wa sahani bila muziki wowote. Taarifa ya habari, mahubiri na kisomo pia havitaki nyongeza: sauti ya mtu ikiongezewa besi huzibika, na utajikuta unapandisha redio ili uelewe maneno.

Kuna atakayesema yote haya yanaepukika kwa kuvaa hedifoni. Yanapungua, hayaepukiki. Hedifoni zinaondoa chumba na jirani kwenye hesabu, lakini sikio ni lilelile, na besi itapotea vilevile ukishusha sauti. Hatari yake ni kwamba msikilizaji huitafuta besi hiyo kwa kupandisha kila kitu, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Mwenye kulea mtoto mchanga, au anayesubiri mtu agonge mlango, hawezi kuziba masikio yote mawili. Wala wawili hawawezi kuusikiliza wimbo pamoja kwa kugawana waya.

Kama baada ya haya yote bado unataka kununua, tatizo lako la mwisho ni duka lenyewe. Kariakoo na Luthuli Avenue mashine hupigwa kwa nguvu zote, mlango kwa mlango, na kwa nguvu hizo sikio huipenda karibu kila mashine. Kati ya mbili zinazofanana, ile iliyopandishwa kidogo zaidi ndiyo itakayoonekana bora. Muuzaji analijua hilo. Mwombe ashushe mpaka muweze kuzungumza bila kuinua sauti, kisha angalia mambo machache: je, kulia na kushoto vinasikika sawa? Rimoti inapanda kwa hatua ndogo, au inaruka kutoka kimya hadi kelele? Besi na trebo zina vitufe vyake, au kuna kimoja tu chenye majina ya miziki? Simamisha wimbo bila kuzima mashine, usogeze sikio, usikilize kama spika inavuma. Duka likiwa na kelele kiasi kwamba maswali haya hayajibiki, rudi kesho yake mapema, maduka yanapofunguliwa, kabla kila mlango haujaanza kupiga wimbo wake.